Neno Nililoliongeza kwa Kalamu Nyekundu

Safari hii sikuchukua fomu. Waliodhani nimeugua wameshafika dukani kwangu Maji ya Chai, wakanikuta napima mbegu za mahindi, wakanunua kilo mbili mbili kuficha aibu. Nimekuwa diwani wa kata yetu ya huku mlimani kwa vipindi vitatu mfululizo, na sikuwa diwani mbaya. Nalisema mwenyewe kwa sababu mpinzani wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kusema kinyume, ameshahama mkoa. Sasa ninyi mlioapishwa juzi mnanisimamisha barabarani: "Shikamoo Mama, tupe uzoefu kidogo." Uzoefu hautolewi kando ya bodaboda inayonguruma, ndiyo maana nimeamua kuandika. Mambo ya posho, na nani aliwahi kuongoza kamati gani, nayaacha. Hayo mtayajua bila kufundishwa, na naona wengine mmeshayajua.

Siku yangu ya kwanza barazani nilivaa viatu vipya vilivyonibana na nikakaa safu ya mbele kabisa, kwa kuwa sikujua kwamba safu ya mbele ina wenyewe. Mwenyekiti wa halmashauri akahoji: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ukumbi ukaitikia. Mimi nilikuwa bado nahangaika na kiatu cha kushoto chini ya meza. Akahoji tena: "Wasioafiki waseme siyo." Nikanyanyuka na kusema kwa sauti ya kampeni, peke yangu: "Ndiyo!" Walicheka hadi karani akadondosha kalamu.

Aliyeninyanyua kutoka kwenye aibu ile alikuwa Mheshimiwa Mollel, diwani wa kata moja ya tambarare, chini kabisa ya barabara kuu, ambako maji yetu ya mlimani huwa yanafika yakiwa yamechoka au hayafiki kabisa. Alikuwa ameshakaa kwenye viti vile muda mrefu. Wakati wa chai akanifuata na kikombe chake. "Mama, humu ndani mtu hasimami na sauti," akasema. "Anasimama na ukurasa." Alimaanisha kwamba ukitaka kusikilizwa, anza kwa kutaja ukurasa na aya, halafu ndipo useme la kwako. Watu wote wataanza kupekua makabrasha yao, na mtu anayepekua hawezi kukuzomea. Akanifundisha pia kusoma kabrasha kuanzia nyuma, kwa sababu mambo yanayouma huwekwa kwenye viambatisho. Nimeutumia ushauri ule kila kikao na haujawahi kunitupa.

Vifaa vyangu vilikuwa vitatu: gambuti, daftari gumu la kaunta na kalamu nyekundu. Gambuti ni za kwenda kuona. Msikubali kuletewa taarifa ya daraja ambalo hamjalikanyaga. Daftari ni la kuandika nani kasema nini, tarehe ipi, mbele ya nani, kwa maana kumbukumbu za watu hubadilika uchaguzi ukikaribia. Kalamu nyekundu nilinunua baada ya kikao cha pili, nilipogundua kwamba rasimu nyingi hupita bila mtu kuzigusa. Mimi nilizigusa. Wakili wa halmashauri, kijana mpole kutoka mjini aliyeitwa Godlove, akiona nafungua mfuko wa kalamu alikuwa anavua miwani na kufumba macho.

Kesi ngumu zilikuwepo nyingi. Vijiji viwili viligombea zahanati moja mpaka wazee wakaacha kusalimiana kanisani. Nikapendekeza ijengwe mpakani. Ikajengwa, ndipo kikazuka kisa kipya: mlango unatazama kijiji gani? Tukaiwekea milango miwili. Hadi leo muuguzi analalamikia upepo, lakini watu wanatibiwa na wazee wanasalimiana. Nilidhani nimeshaijua kazi.

Kipindi changu cha pili ndipo ilipokuja sheria ndogo ya kulinda vyanzo vya maji. Wenzetu wa tambarare walikuwa wanalia, na walikuwa na haki. Huku juu watu walikuwa wanalima hadi kwenye jicho la chemchemi, wengine wanaoshea humo pampu za dawa. Rasimu ya Wakili Godlove ilikataza kulima au kuweka zao lolote ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwenye kifungu cha tafsiri ikasema: "chanzo cha maji" maana yake chemchemi, kijito, mto au ziwa. Niliisoma kutoka nyuma, kama nilivyofundishwa, na nikaona pengo. Kwetu maji ya kunywa ya ng'ombe na ya kumwagilia yanapita kwenye mifereji, ile iliyochimbwa na babu zetu kutoka mtoni na kuzungushwa mashambani nyumba kwa nyumba. Kijana wa mjini atayajulia wapi hayo? Nikachukua kalamu nyekundu, na kati ya "kijito" na "mto" nikaandika: mfereji.

Kwenye kamati walinipongeza. Mheshimiwa Mollel alisema hivi ndivyo diwani anavyopaswa kusoma. Rasimu ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ili wananchi watoe maoni, na mwezi ulipokwisha nikaandika taarifa kwamba wananchi hawakuwa na maoni. Baraza likaitikia ndiyo, mimi nikiwa wa kwanza, na safari hii kwa wakati wake. Ikapelekwa juu, ikaidhinishwa, ikachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Nilikata nakala yangu vizuri nikaiweka kwenye fremu dukani, juu ya rafu ya mbolea.

Hapa inabidi niwaambie habari za Mzee Ndelilio. Huyu alikuwa mwenyekiti wa mfereji wetu tangu mimi niko darasa la pili. Mfereji una zamu: kila nyumba ina siku yake na saa yake ya kufungulia maji, na asiyefuata zamu anatozwa. Mzee Ndelilio aliwahi kumtoza baba yangu beberu kwa kufungua maji nusu saa kabla ya zamu yake, na baba yangu alikuwa shemeji yake. Hakuwa mkali wala hakuwa na maneno mengi. Alikuwa mtu wa kufuata lililosemwa, neno kwa neno, hadi anachosha. Ukimwambia njoo saa nne, saa tatu na dakika hamsini na tisa amesimama nje ya uzio anatazama saa.

Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji aliisoma sheria ile mpya kwa kasi ya mtu anayetaka kuwahi chakula. Mzee Ndelilio akavua kofia, akasimama.

"Mheshimiwa, swali langu ni dogo. Hii ni sheria, au ni tangazo?"

"Ni sheria, Mzee wangu," nikajibu. "Imetoka kwenye Gazeti la Serikali."

"Na mfereji umo?"

"Umo. Nimeuingiza mwenyewe kwa mkono wangu."

"Basi aliye kando ya mfereji naye aondoe zao?"

Pale ndipo nilipotakiwa kunyamaza na kufikiri. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mimi ni mtu wa jibu. "Sheria ni ya wote, Mzee," nikasema. Wakapiga makofi. Mzee akatoa kijidaftari mfukoni, akaandika, akakaa.

Hakuna aliyeifuata sheria ile. Semeni kweli, ni sheria ndogo ngapi zinafuatwa siku ya kwanza? Watu husubiri waone kama inauma. Siku nane baadaye nikapigiwa simu na Bibi Anaeli, mke wa Mzee Ndelilio. Hakunisalimu. Alisema tu, "Njoo uione sheria yako," akakata.

Nilipanda na bodaboda. Kando ya mfereji, pale ambapo tangu utoto wangu palikuwa na mistari saba ya kahawa chini ya migomba, palikuwa na mwanga. Migomba ilikuwa imelala chini. Kahawa yote ilikuwa imekatwa kwa msumeno, usawa wa goti, visiki vyeupe mstari baada ya mstari. Mzee Ndelilio alikuwa anapanga kuni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mheshimiwa. Nimemaliza upande huu. Upande wa pili ni wa jirani, nimewapa wenzangu wote wa mfereji muda mpaka vuli ianze. Mwenyekiti lazima atangulie."

Nilitazama zile kuni. Kahawa ile aliipanda mwaka aliooa. Ilisomesha watoto wake, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha mimi hesabu. Niliona aibu ambayo siwezi kuipunguza kwa maneno. Bibi Anaeli alikuwa mlangoni na chungu cha loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, na nyumba ile haijawahi kumwacha mgeni aondoke bila kuonja loshoro yake. Siku hiyo aliingia ndani na chungu chake akafunga mlango.

Ninauza pembejeo, kwa hiyo najua kitu kimoja kuhusu kahawa: ukiikata usawa wa goti haifi. Inachipua. Ukichagua machipukizi mawili matatu mazuri kwenye kila kisiki ukayaacha, baada ya miaka michache unavuna tena. Nikamwambia Mzee haraka haraka, aache zichipue, mimi narudi kulirekebisha lile neno. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Chipukizi la kahawa ni zao au si zao?"

"Ni zao, Mzee, lakini…"

"Mheshimiwa, wewe uliyetunga sheria unaniambia niivunje?"

Ninyi mtasema, si ungemwamuru tu? Jaribuni kumwamuru mtu kuvunja sheria mliyomthibitishia mbele ya kijiji kizima. Alikubali jambo moja tu: kwamba wenzake wangoje mpaka baraza likae, kwa kuwa muda wa kuwapa au kutowapa ulikuwa wa mwenyekiti wa mfereji. Ya kwake hakukubali. Kila Jumamosi alipita mstari kwa mstari na kuyavunja machipukizi kwa kidole gumba. Na kisiki kinachovunjwa machipukizi kila wiki kinachoka, mwisho kinakauka. Kwa hiyo kila wiki niliyochelewa, kuna visiki vilivyokufa.

Nikaenda kwa Wakili Godlove. Akaniambia kwa upole kwamba mapitio ya sheria ndogo yatafanyika mwaka kesho kutwa. Nikamwambia avae miwani, tusome Kanuni za Kudumu kuanzia nyuma. Tukakuta kwamba jambo lililokwisha kuamuliwa linaweza kurudi mezani mapema iwapo madiwani wa kutosha watatia saini. Nikazunguka na karatasi. Wengi walicheka. "Mama, hakuna anayeitekeleza, unajidhalilisha kwa nini?" Niliwajibu kwamba yupo mmoja anayeitekeleza, na huyo mmoja anatosha.

Saini niliyoitaka zaidi ilikuwa ya Mheshimiwa Mollel, kwa sababu bila mtu wa tambarare ningeonekana nawatetea wapiga kura wangu tu. Nilimkuta Tengeru siku ya soko. Hakukunja uso, lakini alikuwa ameumia.

"Kumbe kahawa ya mzee mmoja ina uzito kuliko kiu ya watu wangu?"

"Sitaki uniamini," nikamwambia. "Njoo tupime."

Alikuja, maana alikuwa mtu wa haki. Nilikodi futi ya kamba ya fundi, ile ya mita hamsini, na kwa zile kumi zilizobaki tukaunga kamba ya ng'ombe. Tukaanzia ukingoni mwa mfereji. Tukapita shamba la Mzee, tukapita jikoni kwa Bibi Anaeli ambaye aliendelea kukoroga bila kututazama, tukapita makaburi ya ukoo, tukavuka mfereji wa pili. Kamba ikaisha tukiwa ndani ya banda la ng'ombe la jirani. Hapo nikaelewa kwa miguu yangu kile ambacho kalamu yangu haikukijua: mifereji yetu iko karibu karibu kiasi kwamba mita sitini kila upande hazimwachii mtu hata mgomba mmoja. Mimi niliyezaliwa kando ya mfereji ule sikuwa nimewahi kuzipima.

Mheshimiwa Mollel alisimama katikati ya samadi na viatu vyake vya kikao. "Huyu ng'ombe naye anavunja sheria," akasema. Akaomba kalamu. Nikampa nyekundu, sikuwa na nyingine.

Siku ya baraza, mwenyekiti alitaka kunisitiri. Alisema neno lile liliingizwa na kamati, kwa nia njema, na kwamba kamati imeona vema kulitazama upya. Angeniachia heshima yangu yote. Nikasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ukurasa wa tatu, kifungu cha tafsiri." Wote wakaanza kupekua. "Neno hilo si la kamati. Niliandika mimi, kwa kalamu hii hapa. Nikaandika pia kwamba wananchi hawakuwa na maoni, kumbe ubao wetu uko ndani ya ofisi inayofungwa saa tisa na nusu, wakati watu wako shambani. Naomba neno litoke, na mifereji ibaki chini ya kanuni za kamati zake, ambazo zimeilinda kabla halmashauri hii haijazaliwa. Chemchemi na mito ibaki na mita zake sitini, na mimi mwenyewe nitakwenda kuzisimamia." Mheshimiwa Mollel akaunga mkono kabla sijakaa. Waliosema ndiyo walikuwa wengi, na waliosema siyo walikuwa wanne. Majina yao ninayo kwenye daftari.

Nilipeleka muhtasari kwa Mzee siku ileile. Akausoma wote, hadi saini. "Huu ni muhtasari," akasema. "Bado si sheria." Wenzake aliwaambia wasiguse kitu. Yeye Jumamosi akapita na kidole chake.

Marekebisho yalipelekwa juu kuidhinishwa. Nilipiga simu kila wiki mpaka karani wa ofisi ile akaijua sauti yangu kabla sijajitaja. Vuli ikaja ikapita. Kila nilipopanda kule nilivihesabu visiki vilivyoacha kuchipua. Mstari wa kwanza ulikauka wote, kisha wa pili na wa tatu. Bibi Anaeli hakunifungulia mlango.

Karatasi ilipotoka sikuipeleka kwenye ubao wa matangazo, na toka siku hiyo sikupeleka tena rasimu yoyote barazani kabla ya kuisoma kwa sauti palepale itakapofanya kazi: sheria ya mnada tuliisoma mnadani, na ya takataka tuliisoma jalalani tumeziba pua. Ninyi wapya, kama mtasahau yote, hilo mlishike. Ile karatasi niliisomea mferejini. Watu wa zamu zote walikuja, na Mzee Ndelilio alifika dakika moja kabla ya saa niliyotaja, akasimama kwenye shamba lake. Kati ya mistari saba ilikuwa imebaki miwili yenye uhai.

Nikasoma: "'Chanzo cha maji' maana yake chemchemi, kijito, mto au ziwa."

"Rudia," akasema Mzee.

Nikarudia, polepole.

"Kati ya kijito na mto," akasema, akiwageukia watu, "ndipo ilipokuwa kahawa yangu."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anawaonyesha mahali. Machozi yalinitoka mbele ya wapiga kura wangu na sikuyafuta. Nyuma ya watu nikamwona Bibi Anaeli anatoka ndani na chungu, ameshika vibuyu viwili.

Mzee akainama kwenye kisiki cha kwanza chenye uhai. Palikuwa na chipukizi la wiki ile, majani mawili tu, na kidole gumba kikalifuata kwa mazoea. Kikasimama.

"Hili sasa limeruhusiwa?"

"Limeruhusiwa, Mzee."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa."

Akaliacha.